Mtoto Anayeangusha Kijiko Yuko Darasani

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuliona jambo hili nyumbani kwako au kwa jirani yako. Mtoto wa miezi tisa au kumi amepakatwa na mama yake, mbele yao pana bakuli la uji na kijiko. Mtoto anakishika kijiko, anakiinua, kisha anakiachia. Kijiko kinaanguka sakafuni na kulia. Mtoto anainama kukitazama, halafu anamgeukia mama yake na kumtazama usoni. Mama anakiokota, anakisuuza na kumrudishia. Kijiko kinaanguka tena. Mara ya tano uvumilivu wa mama, ambaye hajapata kuketi tangu alfajiri, unakwisha. "Mtoto huyu ana utundu!" anasema, na kijiko kinafichwa. Pengine na kofi dogo la mkononi hufuata.

Leo napenda kumtetea mtoto huyo. Simtetei kwa huruma tu, bali kwa sababu ana haki. Mtoto yule hachezei uji, wala hana nia ya kumchosha mama yake. Yuko kazini. Anauliza maswali mazito: Je, kitu nikikiachia huanguka kila mara, au mara nyingine hubaki juu? Je, kitalia vilevile kikianguka mara ya pili? Kikitoka machoni pangu, bado kipo? Na huyu mkubwa aliyenipakata, atafanya nini? Hana maneno ya kuyauliza hayo, kwa hiyo anayauliza kwa mikono yake.

Sisi wafanyakazi wa mijini tumezoea kudhani kwamba elimu huanza siku ile mtoto anapovaa sare na kubeba mkoba. Kwa ajili ya siku hiyo tunajinyima mengi, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini miaka inayotangulia sare tunaihesabu kuwa miaka ya kungoja: mtoto ale, alale, asiugue, basi. Wahenga hawakuona hivyo. Walituusia kwamba udongo uwahi ungali maji, na uchunguzi wa wataalamu wa siku hizi unazidi kuonyesha kuwa walisema kweli.

AKILI HAINGOJI SARE

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake huwa na uzito wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo umri wa miaka miwili, ubongo huo umekwisha kufikia karibu robo tatu, au hata zaidi. Hakuna wakati mwingine wowote katika maisha ya binadamu ambapo kiungo hiki hukua kwa kasi kama hiyo. Tena hauongezeki unene tu. Chembe za ubongo hutoa matawi na kushikana zenyewe kwa zenyewe, na kila jambo analoliona, kulisikia na kulishika mtoto hupita katika njia hizo. Njia inayopitwa mara nyingi huimarika, na ile isiyopitwa hufifia, kama kijia cha miguu kinachokatiza uwanjani: kikipitwa kila siku hubaki cheupe, kikiachwa majani hukifunika.

Kazi hiyo huanza mapema kuliko tunavyofikiri. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, na umbali huo ndio uliopo kati ya titi la mama na uso wake. Masikio yake nayo yamekwisha kuanza kazi kabla hajazaliwa. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wasiozidi siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na chombo cha kutolea sauti. Mtoto akinyonya kwa namna moja alisikia sauti ya mama yake, akinyonya kwa namna nyingine alisikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto wale walijirekebisha wanavyonyonya ili wasikie sauti ya mama. Fikiri, ndugu msomaji: kiumbe wa siku tatu anachagua!

Mtu aliyetufumbua macho zaidi katika mambo haya ni Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980. Piaget alikaa sakafuni na kuwachunguza watoto wake mwenyewe watatu, akaandika siku hadi siku walichokifanya. Jaribio lake moja waweza kulifanya jioni ya leo bila gharama yoyote. Chukua kitu anachokipenda mwanao, tuseme kifuniko cha sufuria, ukifunike kwa kanga mbele ya macho yake. Mtoto wa miezi mitano au sita kwa kawaida hatakitafuta. Atageuka na kutazama kwingine kana kwamba kifuniko kimekoma kuwapo. Mtoto wa miezi tisa hivi ataivuta kanga na kukichukua. Lakini ukikificha mara kadhaa chini ya kanga, kisha ukahamia chini ya mto huku anakuona, mara nyingi atarudi kukitafuta chini ya kanga. Kuvuka mwaka mmoja, kosa hilo humwondoka.

Wataalamu waliomfuata Piaget wamerekebisha baadhi ya maneno yake. Renée Baillargeon wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba hata mtoto wa miezi minne hukaa akikodolea macho jambo lisilowezekana, kama vile ubao unaoonekana kupita mahali penye kitu kigumu kilichofichika. Kwa hiyo huenda mtoto hujua kuwa kitu kingalipo kabla mikono yake haijajua namna ya kukitafuta. Jambo kubwa halikubadilika, nalo ni kwamba mtoto hamiminiwi akili kama maji mtungini. Huijenga mwenyewe, kwa kujaribu, kukosea na kujaribu tena.

"NIMEULIZA ANASEMA NINI"

Ndugu msomaji, maneno hayo mimi niliyajua kwa kuyasoma, lakini nilichelewa kuyaelewa nyumbani kwangu. Nitakueleza kosa langu ili usilirudie.

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilikwisha kama ndoto. Nikarudi kazini. Nilikuwa nikitoka nyumbani yeye amelala, na jioni, baada ya foleni ya magari, nikamkuta amelala tena. Tulimpata yaya, binti mpole wa miaka kumi na minane, naye nikampa amri mbili tu: mtoto asilie, na mtoto asichafuke. Binti yule alizitii amri zangu kikamilifu. Mtoto aliogeshwa, akalishwa, akaketishwa kwenye mkeka mbele ya televisheni mchana kutwa. Alipotambaa kuelekea jikoni alirudishwa mkekani, na aliposhika mchanga alinawishwa. Majirani walinisifu. "Mama, una mtoto mtulivu!" walisema, nami nilifurahi.

Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi sita nilimpeleka kliniki. Muuguzi, mama wa makamo, alimpima uzito, akaandika kwenye kadi, kisha akauliza, "Mama, mtoto anasema nini?"

"Ni mtulivu sana," nilijibu.

Akaiweka kalamu mezani. "Sikuuliza kama ni mtulivu. Nimeuliza anasema nini."

Sikuwa na jibu. Alituagiza kwanza mtoto akapimwe masikio, na masikio yakakutwa hayana kasoro. Kisha akaniuliza swali jingine ambalo sijalisahau: "Mchana huyu mtoto anaongea na nani?"

Ile wiki niliyokuwa nikilitafakari swali hilo, mama yangu alikuja kutoka Korogwe kutusalimu. Hakuwa amesoma kitabu chochote cha malezi. Siku ya kwanza alizima televisheni kwa sababu, alisema, ilimpigia kelele. Akaketi uani kumenya mihogo, na mjukuu wake ubavuni. "Haya, mume wangu," alimwambia, "huu muhogo. Una ganda. Tunaliondoa ganda. Shika, unaona lilivyo gumu? Unataka kuutia mdomoni? Ngoja, huu mbichi." Mtoto akatoa sauti isiyo na maana. "Ati nini?" bibi akauliza, akangoja. Mtoto akatoa sauti nyingine. "Ahaa, kumbe! Basi sawa." Yaya wangu alitazama, akacheka. Siku ya tatu nikamsikia naye anauliza, "Ati nini?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kosa halikuwa la binti yule. Nilimwagiza mtoto asilie, nikasahau kumwagiza ajibiwe.

Mama yangu alikaa nasi miezi mitatu. Sitasema kuwa alifanya uganga, maana watoto hutofautiana, na wengine huchelewa kisha wakaamka kwa ghafla. Nasema nilichokiona. Asubuhi moja mtoto alimaliza maji yake, akakipindua kikombe, akachungulia ndani, akamtazama bibi yake na kusema, "Kwisha!" Lilikuwa neno, lakini lilikuwa zaidi ya neno. Alikuwa akitupa habari ya kitu kilichokuwapo na sasa hakipo. Mimi, mwandishi wa habari, nilisimama mlangoni na mkoba begani, nikachelewa kazini siku hiyo.

USO USIOJIBU

Kwa nini kujibiwa kuna uzito kiasi hicho? Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jaribio ambalo tangu hapo limerudiwa mara nyingi. Mama alicheza na mtoto wake wa miezi michache kama kawaida, wakitazamana, wakichekeana na kujibizana. Kisha mama aliombwa aukaushe uso wake kwa dakika chache: amtazame mtoto bila kucheka, bila kusema, bila kujibu. Mtoto alishangaa. Akajaribu kumrudisha mama yake kwa tabasamu, kwa sauti, kwa kunyosha mikono. Alipoona hapati jibu alisononeka, akageuza uso, na wengine wakalia. Dakika chache tu zilitosha.

Lililo jema ni kwamba mama alipourudisha uso wake, mtoto naye alirudi. Basi usijihukumu kwa jioni moja uliyochoka. Linalodhuru ni ukimya unaogeuka desturi ya nyumba.

Pengine utasema, je, televisheni na simu si husema mchana kutwa? Mtaalamu Patricia Kuhl wa chuo kikuu kimoja mjini Seattle, pamoja na wenzake, walilichunguza jambo hili, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliletewa wasemaji wa Kichina waliocheza nao na kuwasomea vitabu katika vipindi 12. Watoto hao walijifunza kutofautisha sauti za Kichina ambazo hazimo katika Kiingereza. Kundi jingine lilisikia na kuona wasemaji walewale katika televisheni, kwa muda uleule, nao hawakujifunza chochote cha kuonekana. Kioo husema, lakini hakingoji jibu. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya televisheni au simu, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

MFANO WA JAMAIKA

Najua baadhi ya wasomaji wananung'unika sasa: hayo ni mambo ya Uswisi na Marekani, nchi za watu wenye nafasi. Basi tuutazame mfano wa Jamaika, katika vitongoji vya kimaskini vya mji wa Kingston.

Katika miaka ya 1986 na 1987, Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachagua watoto 129 wenye umri wa miezi 9 hadi 24, ambao wote walikuwa wamedumaa kwa sababu ya lishe duni. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa moja, kwa miaka miwili. Waliowatembelea hawakuwa madaktari, walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani. Na hawakuja na vitu vya kuchezea vya dukani, bali walivitengeneza kwa makopo, makasha na vitu vingine vilivyokwisha kutupwa. Kazi yao kubwa ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake, kisha kumwachia vitu hivyo hadi wiki ijayo.

Watoto waliotembelewa waliwapita kiakili wenzao ambao hawakutembelewa. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta tena, sasa wakiwa watu wazima wenye kazi. Waliotembelewa walikuwa wakipata mapato makubwa zaidi kwa wastani wa asilimia 25, na walikuwa wamewafikia watu wa rika lao ambao hawakupata kudumaa. Saa moja kwa wiki, ndugu msomaji, na makopo!

Isidhaniwe kwamba chakula hakina maana. Ubongo hujengwa kwa chakula, na mtoto anayekosa madini ya chuma au joto hupungukiwa hata akisemeshwa usiku na mchana. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha vyakula mchanganyiko pamoja na kuendelea kunyonya, chumvi yenye madini ya joto, chanjo na mahudhurio ya kliniki: hiyo ndiyo nguzo. Lakini nyumba haisimami kwa nguzo moja.

TUFANYE NINI SISI TUSIO NA NAFASI?

Hatuhitaji saa za ziada, maana hatunazo. Yafaa tuzitumie zile ambazo tayari tuko na mtoto.

Kwanza, msemeshe wakati wa kazi zako. Unapomwogesha, taja mguu, taja maji, sema kama ni ya moto au ya baridi. Unapokunja nguo, mpe soksi moja aitafutie mwenzake. Kama nyumbani mna lugha ya kabila na Kiswahili pia, msiogope kuzitumia zote mbili. Kichwa cha mtoto kinazitosha.

Pili, ukisema, ngoja. Mtoto mchanga huchelewa kujibu, na jibu lake laweza kuwa jicho, mguu au povu la mate. Lipokee. Mazungumzo ni nipe nikupe, hata na mtu wa miezi mitatu.

Tatu, mpe vitu avichunguze. Mwiko, bakuli la plastiki, kopo lisilo na ncha kali, kifuu kilichosuguliwa vema, kanga ya kujifunika uso na kujifunua: hivyo vinafundisha sawa na vile vya dukani. Ila vitu vidogo kama sarafu, shanga, kokwa na vifuniko vya soda viwekwe mbali, kwa kuwa humkaba roho. Jiko, mafuta ya taa na ndoo ya maji navyo si vya kuachwa karibu naye.

Nne, akina baba, maneno haya yanawahusu nanyi. Sauti nzito ya baba ni somo jingine kwa mtoto. Baba anayerudi jioni akambeba mwanawe kwa robo saa na kumwonyesha mwezi, taa na paka wa jirani, amefundisha.

Tano, zungumza na yaya, au na yule mama wa mtaani unayemwachia mtoto. Usimpe amri mbili kama nilivyofanya mimi. Mwambie kwamba mtoto akichafuka kwa mchanga si kosa lake, na kwamba unapenda umkute anaongea naye. Mlipe kwa wakati, mpe heshima, maana moyo wake ndio mtoto anaousikia mchana kutwa.

Mwisho, jua lini uombe msaada. Mtoto aliyefika mwaka mmoja asigeuke anapoitwa wala kushtuka kwa sauti, aliyefika mwaka na nusu bila neno hata moja, au aliyekuwa na maneno kisha yakampotea, apelekwe kliniki bila kungoja. Si aibu. Mimi nilikwenda, na nashukuru kwamba niliulizwa.

Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Leo jioni uji utakapokuwa mezani na kijiko kikaanguka, kiokote, ukisuuze, umrudishie. Kikianguka tena, mwambie, "Kimeanguka!" na umngojee. Najua umechoka. Lakini aliye mbele yako amekuuliza swali, na nyumbani humo hakuna mwingine wa kulijibu ila wewe.